Nani Alisema Vijana Wanacheza Ili Wauzwe?

Tangu Septemba 2023, Shirikisho la Soka Afrika, CAF, lilipozipa Kenya, Uganda na Tanzania uenyeji wa AFCON 2027 (fainali za mataifa ya Afrika), na zaidi baada ya mashindano ya CHAN (ya wachezaji wa ligi za ndani) ya Agosti 2025 kuchezwa kwenye viwanja vyetu wenyewe, kauli moja imeshika midomo ya viongozi, wachambuzi wa redio na wazazi: michezo ni ajira. Vituo vya kulea vipaji vinazidi kuchipuka mitaani. Mzazi ambaye zamani angemchapa mtoto kwa kurudi nyumbani na vumbi mpaka kwenye nyusi, leo anamnunulia njumu na kumuuliza kocha lini kijana atauzwa. Mabadiliko hayo yana heri yake, na mimi si miongoni mwa wanaotamani zile enzi ambapo mpira ulikuwa uhuni. Tatizo ni kwamba yamejengwa juu ya dhana ambayo hatujaichunguza, kwamba kijana wa miaka 14 anaingia uwanjani na hesabu ya mshahara kichwani, na akiacha kucheza basi hana kipaji au ni mvivu aliyeharibiwa na simu.

Kwa maoni yangu dhana hiyo inachanganya mambo mawili. Ndoto ya kuwa Mbwana Samatta, mshambuliaji wetu aliyefika Ulaya, inaweza kumleta kijana uwanjani kwa mara ya kwanza. Kinachomrudisha wiki inayofuata, na mwaka unaofuata, ni jibu analolipata pale uwanjani kuhusu yeye ni mtu wa namna gani. Mchezo ukimpa sura ya nafsi yake anayoweza kuishi nayo, atabaki hata kama anacheza peku. Ukimpa sura inayomdhalilisha ataondoka, na akiulizwa atatupa sababu ya heshima: masomo yamebana, goti linauma, mama kanikataza. Karibu juhudi zetu zote za kuibua vipaji zinalisha ile ndoto. Hilo la pili, ambalo ndilo linaloamua nani atabaki, tumemwachia mwalimu wa michezo mmoja mwenye filimbi na mipira miwili.

Tuanze na hesabu, kwa sababu wanaosema ajira wanapenda hesabu. Ligi Kuu ya Tanzania Bara ina timu 16. Tuseme kila timu inasajili wachezaji 30. Hizo ni nafasi 480 kwa watu wa umri wote, kuanzia kinda wa miaka 18 hadi kipa wa miaka 36. Toa nafasi za wageni, ambao kanuni zinaruhusu hadi 12 kwa klabu. Kisha kumbuka kwamba nafasi hizo haziachwi wazi zote kila msimu. Mchezaji akishika namba hukaa nayo miaka. Upande wa pili wa mizani kuna wanafunzi wa sekondari zaidi ya milioni mbili. Ongeza Ligi ya Championship, ile ya daraja la chini yake, ongeza ligi ya wanawake, ongeza riadha na ngumi, bado mlango ni mwembamba kuliko sindano. Kijana si mjinga. Akifika kidato cha pili ameshaona kaka watatu wa mtaani waliokuwa hatari kuliko yeye sasa wanaendesha bodaboda. Kama ajira ndiyo ingekuwa sababu kuu ya kucheza, viwanja vya mchangani vingekuwa vitupu. Havijawa vitupu. Kila jioni kuna chandimu, mpira wa mtaani, na msimu wa ndondo, mashindano ya timu za mitaa, ukifika watu wazima wenye kazi na watoto wanavaa jezi na kugombana kuhusu kuotea kama vile kombe lina thamani ya mamilioni.

Mfumo wetu rasmi hata hivyo umejengwa kama chujio. Michezo ya shule za msingi, UMITASHUMTA, na ile ya sekondari, UMISSETA, inaanzia shuleni, inapanda kata, wilaya, mkoa, mpaka taifa, na kila ngazi inapunguza watu. Hilo lenyewe si kosa. Mashindano ni mashindano. Kosa linaanzia pale chujio linapokuwa ndiyo programu nzima ya michezo. Shule nyingi hazina mechi yoyote ya maana nje ya wiki za maandalizi ya kuelekea wilayani. Ukichaguliwa unacheza, usipochaguliwa unabeba maji na kushangilia. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 serikali iliwahi kusitisha kabisa mashindano hayo kwa hoja ya kulinda taaluma, na yaliporudishwa tulishangilia kurudi kwa medali. Sikumbuki mjadala mkubwa kuhusu yule mwanafunzi wa mstari wa pili aliyekosa kucheza miaka yote hiyo, labda kwa sababu yeye anakosa kucheza mpaka leo, mashindano yakiwepo au yasiwepo.

Na chujio likiwa ndilo kila kitu, watu wazima huanza kulichezea. Kila msimu kuna malalamiko ya mamluki, wachezaji waliookotwa mtaani na kuvalishwa sare za shule, na vijeba, wale wenye ndevu zilizonyolewa asubuhi wanaodaiwa kuwa na miaka 15. Tuliwahi kulipa gharama kubwa ya tabia hiyo: Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya vijana, ilikuwa imefuzu fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17 za mwaka 2005 nchini Gambia, ikaondolewa kwa sababu ya umri wa mchezaji. Tunazungumzia aibu ya taifa, na ni kweli ilikuwa aibu. Hatumzungumzii mtoto halisi wa miaka 15 ambaye kila siku ya mazoezi anapimwa ubavu kwa ubavu na mtu wa miaka 20, kisha anarudi nyumbani akiamini kwamba yeye ni dhaifu. Hakuna anayemweleza kwamba kipimo chenyewe kilikuwa cha uongo.

Jambo hili la kujipima ndilo kiini, na wanasaikolojia wamelifanyia kazi kwa miongo kadhaa. Susan Harter, mtafiti wa Marekani aliyeanza kutengeneza vipimo vya namna watoto wanavyojiona mwanzoni mwa miaka ya 1980, alionyesha kwamba kadiri mtoto anavyokua ndivyo anavyozidi kujigawa mafungu: najionaje darasani, najionaje kimichezo, najionaje kwa sura, najionaje mbele ya wenzangu. Thamani ya jumla anayojipa hailingani na wastani wa mafungu hayo yote. Inategemea zaidi yale anayoyaona kuwa muhimu, na inategemea pia kama watu anaowajali wanamkubali. Wazo la kwanza ni la zamani, William James aliliandika mwaka 1890: kujithamini kwa mtu ni mafanikio yake yakigawanywa kwa madai yake. Tafsiri yake kwa kijana wa Mbagala ni rahisi. Ukimwambia kutwa kwamba mpira ndio maisha yake, umekuza madai. Mafanikio hayakui kwa maneno. Kwa hiyo kijana yuleyule, mwenye miguu ileile, anajiona mdogo zaidi baada ya kuambiwa kwamba soka ndiyo itakayoiokoa familia.

Kuna jambo jingine ambalo kila kocha wa watoto angepaswa kulijua. John Nicholls, mwanasaikolojia mzaliwa wa New Zealand, aligundua kwamba watoto wadogo hawatenganishi bidii na uwezo. Kwa mtoto wa miaka saba, aliyejitahidi sana ndiye hodari. Akikimbia mpaka akaanguka, ameshinda. Kufikia miaka 11 au 12 hivi akili inabadilika na mtoto anaanza kuelewa kwamba watu wawili wakipata matokeo sawa, aliyejitahidi kidogo ndiye mwenye uwezo mkubwa. Hapo bidii inageuka kuwa ushahidi hatari. Ukijitahidi kwa nguvu zako zote na ukashindwa mbele ya wasichana wa darasa lako, umethibitisha kwamba huna uwezo. Ukizembea na ukashindwa, mlango bado uko wazi: ningejitahidi ningewaonyesha.

Sasa turudi kwenye hoja ninayoiona dhaifu kuliko zote katika mjadala huu, ile ya kwamba vijana wa siku hizi ni wavivu. Anayeitoa huwa ameona kitu cha kweli. Ameona kijana anayekokota miguu mazoezini, anayechelewa makusudi, anayecheka akipoteza mpira. Lakini uvivu haungojei umri. Kama tatizo ni uvivu wa kizazi, kwa nini mtoto yuleyule alikuwa haachi kukimbia alipokuwa darasa la tatu, na akaanza kukokota miguu akiwa kidato cha kwanza, baada ya akili yake kujifunza kwamba bidii inaweza kumuumbua? Simu nazo zinalaumiwa kupita kiasi. Simu inampa kijana mahali ambapo anaweza kushindwa bila mashahidi na kuanza upya bila kutukanwa. Akiipendelea kuliko uwanja, labda swali la kuuliza ni uwanja una nini. Na kwa kuwa tunasema siku hizi, tuseme pia kwamba tatizo hili halina mipaka. Uchambuzi wa Shirika la Afya Duniani wa takwimu za mwaka 2016, uliojumuisha wanafunzi milioni 1.6 kutoka nchi 146, ulikuta asilimia 81 ya vijana wa miaka 11 hadi 17 hawafikishi dakika 60 za mazoezi ya mwili kwa siku zinazopendekezwa. Nchi tajiri zenye viwanja vya nyasi hazikusalimika, kwa hiyo uhaba wa viwanja peke yake haulielezi jambo hili, ingawa kwetu ni uhaba wa kweli.

Hoja ya fedha inastahili heshima zaidi, na hapa nitakwenda polepole. Wanaosema motisha ya fedha inaharibu mapenzi ya mchezo huwa wanataja jaribio maarufu la mwaka 1973 la Mark Lepper na wenzake, waliowachukua watoto wa chekechea waliopenda kuchora na kuwagawa makundi. Walioahidiwa cheti wakichora, baadaye walipoachwa huru walichora kwa muda mfupi sana kuliko wenzao. Waliopewa cheti kwa kushtukizwa, bila kuahidiwa, hawakupungukiwa hamu. Edward Deci na Richard Ryan walijenga nadharia nzima kutokana na matokeo ya namna hiyo: mtu huendelea na jambo kwa moyo pale anapojiona ana hiari, anajiona anaweza, na anajiona ana wenzake. Zawadi ikigeuka kamba ya kumvutia, ile hiari inakufa. Ni hoja nzuri. Lakini chekechea ya Marekani ni mbali na Kigamboni, na mtoto anayenyang'anywa raha ya kuchora hajawahi kulala njaa kwa kutochora.

Ukitaka kuona hoja ya upande wa pili ikiwa imesimama kwa miguu yake, nenda Iten, kule kwenye bonde la ufa la Kenya. Vijana wanaamka gizani kukimbia, na hakuna anayejifanya kwamba fedha za mbio za Boston au Berlin si sehemu ya sababu. Wanazisema waziwazi: shamba, ng'ombe, nyumba ya mama, karo ya wadogo. Na hawajaharibika, wametoa mabingwa wa dunia kizazi baada ya kizazi. Mbele ya ushahidi huo, mtu akikuambia kwamba kijana maskini acheze kwa raha tu na asifikirie riziki, anaongea kama mtu aliyeshiba. Ninakubali hivyo. Deci na Ryan wenyewe, ukiwasoma vizuri, hawasemi kwamba kila sababu ya nje ni sumu. Wanatofautisha kati ya anayefanya kwa kuogopa adhabu au aibu, na anayefanya kwa sababu lengo hilo ameshalifanya lake. Kijana anayekimbia ili amjengee mama yake kwa kuwa amechagua hivyo, yuko mbali sana na yule anayekimbia kwa sababu baba amewekeza kwake na anadai.

Lakini itazame Iten tena, kwa jicho jingine. Shule ya St. Patrick's ilipata umaarufu mikononi mwa Colm O'Connell, mtawa wa Ireland aliyefika mwaka 1976 kufundisha jiografia, wala hakuwa kocha wa riadha aliyesomea. Kutoka kwenye mikono yake ametokea David Rudisha, aliyekimbia mita 800 kwa dakika 1:40.91 kwenye Olimpiki ya London mwaka 2012. Kijana anayekwenda kufanya mazoezi Iten anaingia kwenye kundi. Anakimbia katikati ya watu 20 au 30, wengine mabingwa, wengine hawajulikani, barabara ileile ya vumbi. Siku atakayoachwa nyuma hataitwa takataka. Kesho saa kumi na mbili asubuhi kundi litapita palepale na anaweza kuliunga tena. Sisi tunapoiga Iten tunachukua habari ya fedha na kuacha habari ya kundi. Fedha ilimleta kijana Iten. Kundi ndilo lililompa jina la mwanariadha miaka mitano kabla hajaona senti.

Ndiyo maana napata wasiwasi ninapoona vituo vya vipaji vinavyomwahidi mzazi mauzo. Kwanza, ahadi yenyewe mara nyingi ni hewa. Kanuni za FIFA, katika kifungu cha 19, zinakataza uhamisho wa kimataifa wa mchezaji aliye chini ya miaka 18, isipokuwa kwa mazingira machache yaliyoainishwa. Wakala anayekuambia mwanao wa miaka 15 ana timu Ulaya mwezi ujao, anakudanganya au anakuomba ushiriki kuvunja kanuni. Kelvin John, yule mshambuliaji wa Serengeti Boys tuliyempachika jina la Mbappe, alijiunga na Genk ya Ubelgiji mwaka 2021 akiwa ametimiza miaka 18. Pili, na hili ndilo linalonihusu zaidi, ahadi ya mauzo inamfunga kijana kwenye utambulisho mmoja mapema mno. Mwaka 1993 Britton Brewer na wenzake walitoa kipimo cha namna mtu anavyojitambua kama mwanamichezo, wakaonya kwamba utambulisho huo una pande mbili: unampa mtu nguvu ya kujituma, na ndio huohuo unaomwacha bila ardhi ya kusimama siku anapoumia au kuachwa. Mwaka mmoja kabla yao, mwanasosholojia Jay Coakley alikuwa amezungumza na vijana wa Marekani walioacha michezo wakiwa kwenye kilele. Watu walidhani wamechoshwa na msongo wa mashindano. Yeye akakuta kitu kingine: walikuwa vijana ambao maisha yao yote yalikuwa yamepangwa na wengine, hawakupewa nafasi ya kuwa kitu kingine chochote zaidi ya mchezaji, na kuacha ndiyo ilikuwa njia pekee iliyobaki ya kujimiliki.

Kumbuka Serengeti Boys wa Aprili 2019, tulipokuwa wenyeji wa fainali za Afrika za chini ya miaka 17. Taifa zima lilikuwa limewabebesha mabegani ndoto ya kufika Kombe la Dunia la vijana. Walifungwa 5-4 na Nigeria, 3-0 na Uganda, 4-2 na Angola, wakatoka bila pointi. Mechi ile ya Nigeria ilikuwa burudani, vijana walifunga mabao manne dhidi ya moja ya mataifa makubwa barani kwa soka la vijana. Baada ya wiki moja walikuwa ni kikosi kilichotuaibisha. Wengi wao walikuwa wanafunzi. Mtu mzima anayefungwa ana mke, ana biashara, ana msikiti au kanisa la kurudi. Kijana wa miaka 16 aliyeambiwa yeye ni mpira tu, anarudi wapi?

Alphonce Simbu, mkimbiaji wetu wa marathoni, ni mfano mzuri wa kinachowezekana mtu akibaki. Septemba 2025 jijini Tokyo alichukua dhahabu ya marathoni ya dunia, akimpita Mjerumani Amanal Petros kwa sekunde 0.03 tu, wote wakiandikiwa 2:09:48. Alikuwa na miaka 33. Nchi ililipuka kwa furaha, na siku chache tu baadaye nikaanza kusikia wito wa kusaka akina Simbu wapya wakiwa shule ya msingi, wachujwe mapema, wawekwe kambini. Hili ndilo somo lisilotokana na ushahidi. Simbu alikuwa wa tano kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016, akapata shaba ya dunia London mwaka 2017, kisha ikapita miaka minane kabla ya dhahabu. Mfumo wa kuchuja mapema unamtafuta mshindi wa umri wa miaka 13, na mara nyingi mshindi wa umri huo ni yule aliyebalehe mapema. Wanaochelewa kukua wanatupwa wakiwa bado hawajajulikana ni nani.

Kwa wasichana kila nilichosema kinaongezeka uzito. Katika uchambuzi ule wa Shirika la Afya Duniani wasichana wasiofikisha kiwango walikuwa asilimia 85, wavulana 78. Maelezo ya haraka ni kwamba wasichana hawapendi michezo. Binti wa dada yangu alikuwa mkali wa mpira wa pete, mfungaji wa kutegemewa. Akaacha akiwa kidato cha pili, na nyumbani tukasema amekua. Baadaye sana ndipo alipomwambia mama yake kwamba suruali fupi za timu zilikuwa za kubana, na wavulana walikuwa wanakuja kusimama pembeni ya uwanja kucheka. Harter alikuta kwamba kati ya mafungu yote ya kujiona, lile la mwonekano wa mwili ndilo lenye uhusiano mkubwa zaidi na thamani ya jumla kijana anayojipa. Sasa mchukue binti wa miaka 13 ambaye mwili unabadilika, mpe sare isiyomsitiri, mnyime choo chenye maji karibu na uwanja, mpangie mazoezi saa ambayo nyumbani anasubiriwa kupika, kisha umwambie hana moyo wa michezo. Sheria za soka ziliruhusu rasmi hijabu mwaka 2014. Shule ngapi za Pwani na Zanzibar zimenunua sare za timu zenye mikono mirefu na hijabu ya michezo, ili binti asilazimike kuchagua kati ya timu na heshima yake nyumbani? Suala hili halihitaji skauti wala wakala. Linahitaji fundi cherehani na mwalimu mwenye busara.

Na wasichana wakipewa mazingira, tumeona. Serengeti Girls, timu yetu ya taifa ya wasichana, chini ya kocha Bakari Shime, walikwenda India mwaka 2022 kwenye Kombe la Dunia la chini ya miaka 17, timu ya kwanza ya soka ya Tanzania kufika fainali za dunia za FIFA. Walianza kwa kupigwa 4-0 na Japani. Timu iliyofundishwa kwamba kufungwa ni kuumbuka ingeishia hapo. Wao wakaifunga Ufaransa 2-1, wakatoka sare ya 1-1 na Kanada, wakaingia robo fainali kabla ya kufungwa na Kolombia.

Kuna watakaosema ninataka kuwadekeza vijana, kwamba makocha wakali ndio waliotulea na tukawa wanaume. Naielewa hisia hiyo, lakini ina upungufu ule wa kuwauliza waliobaki tu. Waliokomazwa na matusi wanasimulia. Walioondoka kwa sababu ya matusi hawaitwi studio. Isitoshe, ukali wa mazoezi na udhalilishaji ni vitu viwili, na kijana anavitofautisha vizuri kuliko sisi. Kocha akikukimbiza mizunguko 15 kwa sababu anaamini unaweza 20, unaugua mapaja na unarudi kesho. Kocha akikuita jina la mnyama mbele ya wenzako kwa kukosa penati, amekujibu lile swali lako la ndani, na jibu lake utatembea nalo. Watafiti waliowauliza wachezaji chipukizi wa soka nchini Marekani, pamoja na wazazi na makocha wao, nini kinafanya mchezo uwe raha, walipata mambo 81. Juu kabisa kwenye orodha yalikaa mambo kama kujituma, kuwa na uhusiano mzuri na wenzako na kutendewa vizuri na kocha. Kushinda hakukuwa karibu na kilele. Vijana wenyewe, kwa hiyo, wanataka kuchoka.

Kama niko sahihi, basi kipimo tunachotumia kuelekea 2027 kina kasoro. Tunahesabu vituo vilivyofunguliwa, medali za UMISSETA, na majina yaliyovuka mipaka. Ningependa wizara na mikoa ihesabu kitu kimoja cha kuchosha: kati ya wanafunzi waliocheza mchezo wowote wakiwa darasa la saba, wangapi bado wanacheza wakiwa kidato cha tatu, wavulana na wasichana wakitenganishwa. Takwimu hiyo inaweza kukusanywa na walimu wa michezo kwa daftari na kalamu. Mkoa ambao wengi wanabaki utakuwa na vipaji vingi vya kuchagua, hata kama mwaka huu haukuleta kombe. Mkoa unaoleta kombe kwa wachezaji 16 huku mamia wakiacha, unakula mbegu yake.

Hatua zenyewe si za gharama kubwa. Kila shule inayopeleka timu wilayani iwe na timu ya pili na ya tatu zenye ratiba ya mechi, hata za ujirani za Ijumaa, na ratiba hizo zisisimame kambi ya timu ya kwanza inapoanza. Watoto wapangwe kwa ukubwa wa mwili na si kwa darasa tu, maana darasani kwetu wamo wa miaka 13 na wa miaka 17. Vituo binafsi vya vipaji, ambavyo vinatoza ada, vilazimishwe kumwonyesha mzazi vijana wangapi waliopitia pale wamemaliza shule, kabla ya kumwonyesha picha ya yule mmoja aliyeenda Ubelgiji. Na siku majina ya waliochaguliwa yanapobandikwa ubao wa matangazo, mwalimu akae na wale ambao hawamo, awaambie mazoezi yao ni lini na mechi yao inayofuata ni dhidi ya nani.